Mafuta ya Karai na Mtoto Aliye Tumboni: Hotuba kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Kisumu

Mama zangu, baba zangu, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Obunga, Kondele, Nyalenda na Manyatta, nanyi wajawazito mliokuja na vijitabu vyenu vya kliniki, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo jina lake la kitaalamu huwaogopesha watu, yaani mkazo wa oksidisho wakati wa ujauzito, na jinsi unavyogusa afya ya umetaboli ya mtoto anayezaliwa. Ninaposema umetaboli nina maana ya kazi yote ambayo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, joto na nyama: unavyoitumia sukari, unavyoyaweka mafuta akiba, unavyojua umeshiba. Mimi ni mkunga, na nimefanya kazi katika wodi za uzazi za upande huu wa ziwa kwa muda wa kutosha kuona kwamba mambo tunayoyaita ya maabara hutukuta kitandani, usiku, mtoto akiwa mikononi.

Kila siku mnapita mbele ya akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kukatwa kiwandani, na mnajua hali ya mafuta yaliyomo kwenye karai. Siku ya kwanza ni mepesi na ya manjano. Siku ya tatu yamekuwa mazito, rangi yake ni ya chai ya rangi, yanatoa povu lisilotulia hata karai likiepuliwa, na harufu yake inakaba koo kabla samaki hajaingia. Kilichotokea ni hiki: joto limeing'oa chembe ndogo ya haidrojeni kutoka kwenye molekuli moja ya mafuta, oksijeni ya hewani ikapandia pale palipoachwa wazi, na molekuli hiyo iliyoharibika ikaing'oa chembe ya jirani yake ili ijitulize, naye jirani akafanya vivyo hivyo kwa mwenzake, hadi mafuta yote yakachacha. Sasa fikirini kwamba utando unaoizunguka kila seli ya mwili wa binadamu umejengwa kwa mafuta, na kwamba ndani ya mwili mna joto na mna oksijeni saa zote.

Oksijeni ndiyo inayotuwezesha kuishi. Ndani ya seli mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nguvu, na kama ilivyo kwa kila jiko, hutoka cheche. Cheche hizo ni molekuli za oksijeni zilizo kali kupita kawaida, zenye tabia ileile ya kung'oa cha jirani. Mwili haukuachwa bila wazima moto. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Marekani walikitambua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuidaka mojawapo ya cheche hizo na kuipunguzia ukali, na vipo vingine vinavyopokea kazi pale kinapoishia. Vimeng'enya hivi hujengwa kwa madini tunayokula: kimoja kinahitaji zinki na shaba, kingine seleni, kingine chuma. Omena mnaowaanika juani, pamoja na mboga zetu za osuga, dek na apoth, vina mchango wake katika kazi hii, ingawa nitarudi baadaye kuonya juu ya watu wanaoligeuza neno hili kuwa biashara. Mwaka 1985, mwanakemia wa Ujerumani aitwaye Helmut Sies ndiye aliyelipa jambo lenyewe maana iliyoenea: mkazo wa oksidisho ni hali ya cheche kuzidi uwezo wa wazima moto. Neno la kulishika hapo ni kuzidi. Cheche kidogo zinahitajika, kwa sababu seli huzitumia kupeana habari na askari wa damu huzitumia kuua vijidudu.

Katika ujauzito, mahali ambapo mizani hii hupimwa kwa ukali zaidi ni kwenye kondo la nyuma. Watu wengi hudhani kwamba tangu mimba inapotunga damu ya mama humiminika kwa mtoto, lakini sivyo. Katika wiki za mwanzo, seli za kondo lenyewe huziba midomo ya mishipa ya mji wa mimba, na kiinitete hulishwa kwa majimaji yanayotolewa na tezi za ukuta wa mji huo, mahali penye oksijeni kidogo sana, kwa sababu viungo ndipo vinapochongwa na wazima moto bado ni wachache. Kati ya wiki ya 10 na ya 12 vizibo hivyo hulegea, damu ya mama huingia, na kiasi cha oksijeni kwenye kondo hupanda kwa takriban mara tatu. Kondo lililojengeka vizuri huivumilia hatua hiyo na kuongeza vimeng'enya vyake vya kujikinga. Lakini pale ambapo mishipa ya mama haikupanuliwa ipasavyo, damu huja kwa kasi na kwa vipindi, mara ikiwa nyingi, mara ikiwa kidogo, na kila inaporudi baada ya kupungua huwasha cheche upya. Huko ndiko zinakoanzia mimba nyingi ambazo baadaye tunaziona na presha ya juu, protini kwenye mkojo, na mtoto ambaye tumbo la mama yake halikui kulingana na miezi.

Niruhusuni nikae hapo kidogo, maana ndipo penye uzito wa yote niliyokuja kuyasema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kupita. Wengi wetu huku huanza kliniki tumbo likishaonekana, mwezi wa tano au wa sita, na sababu zake nazijua kwa sababu ni za dada zangu na za mama zangu: mtu haogopi kliniki, anaogopa midomo ya watu mimba ikiwa bado changa, anaogopa ikiharibika ataulizwa, na wakati mwingine anasubiri apate nauli. Siwezi kumlaumu. Hata hivyo, kufikia mwezi wa sita kondo limeshajengwa na mishipa imeshapanuka au imeshindwa kupanuka. Mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au mwenye presha au kisukari tangu zamani, anaweza kuandikiwa na daktari asprini ya kiwango kidogo, na dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema, kabla ya wiki ya 20. Anayekuja mwezi wa saba hupimwa, hutunzwa na hupendwa, lakini mlango huo umeshafungwa.

Nitawaeleza nililoliona mwenyewe, katika kituo ambacho sitakitaja. Mama mmoja alijifungua mtoto wake wa tatu, wa kiume, kilo 4.4. Wodi nzima ilipiga vigelegele, nami nilipiga pamoja nao, maana huku kwetu mtoto mzito ni baraka na ni heshima kwa aliyemzaa. Alikuwa ameanza kliniki akiwa na miezi saba, na siku hiyo vibanzi vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo kijitabu chake kilikuwa na nafasi tupu mahali ambapo tarakimu ilipaswa kuandikwa. Baada ya kama saa moja niliona vidole vya mtoto vikitetemeka, halafu kidevu. Nilidhani ni baridi, nikaongeza blanketi. Muuguzi mmoja kijana, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, ndiye aliyeshika kisigino cha mtoto na kukidunga, na kipimo cha sukari kikasoma milimoli 1.3 kwa lita, ilhali kwa mtoto mchanga wahudumu wengi huanza kuwa na wasiwasi kinaposhuka chini ya 2.6. Mtoto alipewa maji ya sukari kwenye mshipa, akapona. Mimi blanketi lile sijalisahau.

Jambo lililompata lilielezwa miongo mingi iliyopita na daktari wa Copenhagen aitwaye Jørgen Pedersen. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, lakini insulini yake, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, haivuki. Sukari ya mama ikiwa juu, ya mtoto nayo hupanda, na kongosho changa la mtoto hulazimika kutoa insulini yake kwa wingi, wiki baada ya wiki, na kwa kuwa insulini ni homoni ya kukuza na kuweka mafuta, mtoto hunenepa. Siku ya kuzaliwa kitovu hukatwa na sukari ya mama hukoma papo hapo, ila kongosho la mtoto halijui kwamba mambo yamebadilika na huendelea kutoa insulini ileile, hivyo sukari yake mwenyewe huporomoka. Uzito tulioupigia vigelegele ulikuwa ushahidi wa kazi ngumu aliyolazimishwa akiwa tumboni. Tena sukari nyingi inapoingia katika mitokondria huongeza cheche, kama jiko lililojazwa kuni kupita uwezo wake linavyotoa moshi, na ndiyo maana kisukari cha mimba na mkazo wa oksidisho huenda pamoja.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hakuna ukingo ambao hatari huanzia ghafla. Kadiri sukari ya mama ilivyopanda, hata chini ya kiwango kilichokuwa kikiitwa kisukari, ndivyo uzito wa mtoto ulivyopanda, pamoja na dalili za insulini nyingi katika damu ya kitovu. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo cha 5.1 au zaidi, kikichukuliwa kabla ya kula asubuhi, kuwa kisukari cha mimba. Kwa mtu asiye mjamzito tarakimu hiyo isingemshtua yeyote.

Upande wa pili ni mtoto anayezaliwa mdogo, chini ya gramu 2,500, ilhali miezi yake imetimia. Hapa nataka ninyi wahudumu wa jamii msikilize kwa makini, kwa kuwa elimu hii ililetwa na watu wa kazi yenu. Huko Hertfordshire nchini Uingereza, tangu mwaka 1911, mkuu wa wakaguzi wa wakunga aitwaye Ethel Margaret Burnside aliagiza kila mtoto apimwe anapozaliwa, atembelewe nyumbani, kisha apimwe tena akitimiza mwaka mmoja, na yote yaandikwe daftarini kwa mkono. Madaftari hayo yalikaa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 daktari David Barker na wenzake waliyapata, wakawafuatilia watoto wale ambao sasa walikuwa wazee au marehemu, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba wanaume waliokuwa wepesi walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Miaka miwili baadaye, pamoja na Nicholas Hales, walionyesha kwamba wazee wa miaka 64 waliozaliwa wadogo ndio ambao miili yao ilishindwa zaidi kuimudu sukari. Hakuna mkunga wa mwaka 1911 aliyejua kwamba tarakimu aliyoiandika ingesomwa hivyo, na kwa sababu hiyo nawasihi msiandike uzito wa kukisia.

Kwa nini mtoto mdogo leo awe mgonjwa wa kisukari kesho? Jibu halijakamilika, lakini sehemu yake moja inahusu cheche zetu. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina wazima moto wachache sana zikilinganishwa na seli za ini, kwa mfano. Katika majaribio ya panya, kijusi kilichonyimwa damu ya kutosha tumboni kilionekana na mitokondria zilizoharibika katika seli hizo, na panya huyo alipokua alipata kisukari. Kwa binadamu hatuwezi kufanya majaribio ya namna hiyo, tunaona tu mambo yakifuatana, kwa hiyo mtu yeyote asimwambie mama kwamba mtoto wake mdogo amehukumiwa. Anayenyonya vizuri, akakua polepole bila kunenepeshwa kwa haraka, ana njia ndefu na nzuri mbele yake.

Katika eneo letu la ziwa mtoto hupunguziwa uzito na malaria kuliko na mambo mengi mnayoyasikia redioni. Vimelea vya malaria hujibanza kwenye kondo la nyuma, damu ya mama ya kwenye vidole ikiweza hata kuonekana safi. Askari wa damu hukusanyika hapo na kufyatua cheche zao, na chembe nyekundu zinapopasuka huachia chuma kilicho huru, ambacho ni kama mafuta ya taa kwenye moto huo. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi. Dawa ya kinga, ile SP mnayoijua, hutolewa kliniki tangu wiki ya 13 na kurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa kwa mama anayetumia kila siku Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, ambaye hapaswi kuichanganya. Naongeza jambo ambalo wauza dawa wengi hawalisemi: tembe za kliniki zina miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, lakini madukani zipo za foliki za miligramu 5, na kiwango hicho kikubwa huidhoofisha SP. Mama akienda dukani kwa nia njema kabisa anaweza kujivunjia kinga yake mwenyewe.

Kuhusu odowa, ule udongo ambao wajawazito hutafuna, nitasema kwa ufupi. Najua utamu wake, najua inavyotuliza kichefuchefu, na sitamcheka mtu. Hata hivyo, udongo huzuia chuma kisifyonzwe tumboni, na mama aliyepungukiwa damu hawezi kupeleka oksijeni kwa utulivu. Hamu ya odowa ni sababu ya kupimwa damu.

Moshi nao una cheche zake, na mama anayekaanga mgongo wazi kutwa nzima huupokea usoni. Ningependa kuwaambia kwamba akipewa jiko la gesi mtoto ataongezeka uzito, lakini utafiti mkubwa uliofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda, wa wajawazito takriban 3,200, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022, haukuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa kuzaliwa. Ninayasema haya kwa kuwa nanyi mtaulizwa. Bado nina sababu nyingi za kumtakia mama huyo hewa safi, macho yake na mapafu yake yakiwa mbele, ila siwezi kumwahidi jambo lisilothibitishwa.

Sasa narudi kwa biashara niliyoitaja. Kuna watu wanaopita stendi na sokoni na makopo ya unga, wakisema ni kiondoa sumu cha mjamzito, na bei yake ni chakula cha nyumba kwa wiki nzima. Wanalitumia neno oksidisho kwa ufasaha kunishinda. Ilionekana jambo la akili kwamba vitamini zinazozima cheche zingezuia kifafa cha mimba, na wanasayansi walilijaribu kwa uaminifu. Nchini Uingereza, wanawake zaidi ya 2,400 walio katika hatari walishiriki, wengine wakapewa miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kwa kipimo kikubwa kila siku, na matokeo ya mwaka 2006 yakaonyesha kwamba ugonjwa haukupungua na kwamba waliozipata walizaa watoto wengi zaidi wenye uzito mdogo. Mwaka 2010 utafiti wa Marekani, wa wanawake karibu 10,000, haukupata faida pia. Shirika la Afya Duniani likashauri vitamini hizo zisitolewe kwa lengo hilo. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni kwamba vidonge vilifika kondo likiwa limeshajengwa, na kwamba kuzima kila cheche ni kuzima pia zile ambazo seli huzihitaji kwa mazungumzo yake. Pera bivu, chungwa, osuga iliyopikwa kwa maziwa, omena kwenye sahani: hivyo ni chakula, vinakuja kwa kiasi chake, na fedha za kopo zingevinunua kwa miezi.

Saa ya kuzaliwa ina habari yake. Mtoto hutoka mahali penye oksijeni kidogo na kuingia hewani kwa dakika chache, na damu yake hupata oksijeni maradufu na zaidi, jambo ambalo ni mtihani wa oksidisho kwa kila binadamu. Mtoto aliyetimiza miezi amejiandaa, kwa kuwa vimeng'enya vyake vya kujikinga hupanda katika wiki za mwisho. Mtoto njiti hakupata wiki hizo. Ndiyo maana siku hizi mtoto aliyetimiza miezi akishindwa kupumua tunaanza kumsaidia kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, badala ya kumpa oksijeni tupu kama tulivyofundishwa zamani, na njiti hupewa kwa kipimo na kwa uangalizi. Kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, mtoto akiwa anapumua, ili damu yake imfikie. Awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mtoto anayepata baridi huunguza sukari yake yote kutafuta joto, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Lile dang'a la manjano, ambalo bado kuna nyumba linakamuliwa na kumwagwa kwa kuitwa maziwa machafu, rangi yake inatokana na beta-karotini, mojawapo ya vitu vinavyozima cheche, na ndani yake mna vitamini E zaidi ya ile iliyomo katika maziwa yanayofuata. Nyanya zetu wakiambiwa hivyo kwa heshima huelewa haraka, nimewaona.

Wahudumu, mtakapopita nyumbani wiki hii, naomba msiulize kama kuna mjamzito. Ulizeni kwa faragha, mkiwa na mama peke yake, ni lini alipoona siku zake mara ya mwisho, na anayesita msimharakishe, rudini kesho yake. Siri ya wiki ya nane mkiitunza, atawafuata hadi kliniki.

Pale nyuma, karibu na mlango, wenzangu wameweka meza mbili, moja ya presha na nyingine ya sukari, na vibanzi vipo vya kutosha kila mmoja wenu. Wajawazito ambao hawajanywa chai tangu asubuhi watangulie, kwa sababu kipimo chao ndicho tunachoweza kukisoma vizuri zaidi, na uji uko tayari kwenye sufuria nje kwa watakaomaliza.